Mwenye Nyumba Anajua

Siku ambayo Mercyline Nalianya alipigiwa makofi kuliko siku zote za maisha yake ndiyo siku aliyotamani ardhi ipasuke immeze.

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa kanisa upande wa Olympic, mtaani Kibera, Jumapili baada ya ibada. Naibu wa chifu ndiye aliyeuitisha, na ajenda ilikuwa moja tu: bunduki. Milio ilikuwa imezoeleka Kibera na Kawangware kiasi kwamba watoto walikuwa wakibishana, huu ni wa polisi au wa wezi. Sasa serikali ilikuwa imetangaza msamaha. Mwenye bunduki isiyo na kibali airudishe, aiache kwa pasta au kwa mzee wa mtaa, na hakuna atakayemuuliza jina. Muda ukipita, msako utaanza nyumba kwa nyumba.

"Hatutaulizwa jina!" Jeremy, kijana anayetengeneza simu Kambi Muru, alicheka kicheko kikavu. "Chifu, kwa heshima. Mimi sina ndeng'a na sijawahi shika. Lakini ningekuwa nayo, singeileta. Vijana wangapi walisema wameacha, wakajitokeza, na bado karao, polisi hawa hawa, wakawamaliza? Wao waanze kuweka zao chini."

Ukumbi ukaguna kwa kukubali. Shiru akasimama. Alikuwa na duka kubwa Kawangware, na wezi walikuwa wamemfunga kamba mbele ya wateja wake.

"Mimi naona tunajidanganya. Mwizi hatarudisha. Atakayerudisha ni yule mjinga aliyeokota. Mimi nina duka, nalipa kodi, nipewe kibali ninunue yangu. Hao matajiri wa Lavington hapo ng'ambo wanazibeba kiunoni hadi hotelini, na hakuna anayewaitia mkutano."

"Na wakikunyang'anya hiyo yako, Shiru?" mama mmoja akauliza kutoka nyuma. "Si itakuwa umewanunulia?"

Watu wakaanza kusemana. Naibu wa chifu aligonga meza hadi akachoka. Hapo ndipo Nereah alipomgusa Mercyline kwenye kiwiko.

"Mama Isaac, simama. Wewe ndiye mdomo wetu."

Nereah alikuwa muuza mboga wa Silanga, na Omolo, mumewe, alikuwa ameketi mwisho wa benchi lao, magongo yameegemezwa ukutani. Kabla ya kuumia, Omolo alikuwa mtu wa mjengo, fundi wa kupanga mawe hadi ghorofa za juu. Jioni moja alitoka kazini Kawangware, akasimama kwenye duka dogo kununua mkate, na duka hilo likavamiwa akiwa mlangoni. Risasi ilivunja mfupa wa paja. Tangu hapo hakupanda tena ngazi ya mjengo.

Mercyline, fundi wa sare za shule na mwenyekiti wa kikundi cha kina mama kilichoanzishwa kwa ajili ya yaliyompata Omolo, alisimama bila kujua atasema nini. Maneno yakaja yenyewe.

"Tunawalaumu polisi, na wana makosa. Tunawalaumu matajiri, nao wana makosa. Lakini bunduki hailali barabarani, watu wangu. Inalala ndani ya nyumba. Na nyumba ina mtu anayeifagia, anayetandika kitanda, anayejua kila kitu kilichosukumwa chini ya kitanda hicho. Mwenye nyumba anajua. Kina mama, tunajua! Tuache kusema hatukujua."

Vigelegele vilipasua ukumbi. Naibu wa chifu mwenyewe alipiga makofi. Omolo aliinua gongo lake hewani kama mtu anayeshangilia timu, na Nereah akamkumbatia Mercyline mbele ya watu wote, machozi yakimtiririka.

"Umesema yote yaliyokuwa moyoni mwangu."

Mercyline akaketi, masikio yanamwaka. Nyumbani kwake, alikobaki peke yake tangu mwanawe Isaac aende shule ya bweni, chini ya kitanda chake, ndani ya kikapu cha mabaki ya vitambaa, kulikuwa na bastola.

Haikuwa yake. Ilikuwa imeletwa na Khamala, mdogo wake wa mwisho. Mama yao alipofariki kule Bungoma, Khamala alikuwa bado anang'oa meno ya utoto, na ni Mercyline aliyemlea, akamvusha shule, akamleta Nairobi. Sasa alikuwa mtu mzima anayeishi Kawangware, mchana anabeba magunia sokoni, wikendi anasimama mlangoni pa baa kuzuia walevi. Asubuhi moja alimjia dada yake na mfuko wa plastiki uliofungwa fundo juu ya fundo.

"Dada, niwekee hii kidogo."

Alipoushika tu, uzito wake ukamwambia.

"Ya nani?"

"Ya msee, rafiki yangu mmoja, amekufa. Karao walimpiga wiki jana. Alikuwa ameniachia. Nikiitupa, wenzake wataidai kwangu. Nikikaa nayo na nikamatwe, dada, hawatanipeleka kotini. Unajua watanifanya nini."

Alijua. Alikuwa amehudhuria mazishi ya kutosha ya vijana wa namna hiyo, na alijua namna mama zao wanavyoitwa chumba cha maiti kutambua sura. Akamwambia Khamala itakaa hapo mpaka kijana huyo apate njia ya kuitupa kwenye maji ya Nairobi Dam. Khamala akakubali upesi mno.

Ijumaa moja alirudi. Alikuwa amepata namna ya kuitupa, alisema. Mercyline mwenyewe aliifunga ndani ya kipande cha kitambaa cha sweta za shule, akampa mkononi, na siku nzima akafanya kazi akiimba. Jumatatu Khamala akarudi nayo.

"Haikuwezekana," alisema, macho yake yako kwenye cherehani.

Mercyline akanyoosha mkono, akaipokea. Baadaye hakuweza kujieleza hata kwa nafsi yake kwa nini mkono ule ulinyooka. Maana kati ya Ijumaa hiyo na Jumatatu hiyo ndipo Omolo alipopigwa risasi, na Mercyline alikuwa ameshasikia habari hiyo kwenye foleni ya maji kabla Khamala hajabisha hodi.

Hakuuliza. Alichofanya ni kwenda hospitali na uji kwenye chupa ya chai. Aliitisha mchango, akapita mlango kwa mlango. Alimshonea Audrey, binti wa Nereah na Omolo, sare mpya bila kuombwa. Kila alichoifanyia familia ile alikifanya mbio mbio, kama mtu anayekimbizwa na mbwa, na watu wakasema Mama Isaac ana roho safi. Siku moja wodini, Nereah alimshika mikono yote miwili akamwambia, "Hata dada yangu wa tumbo moja hajanitendea hivi." Mercyline akajibu, "Ni Mungu," kisha akachukua chupa ya uji, akaenda kuiosha ingawa ilikuwa safi.

Baada ya ule mkutano wa kanisani, maneno yake yalimtangulia kila alikokwenda. Vijana walimwita kutoka vibandani, "Mwenye nyumba anajua!" Pasta aliyahubiri. Kikundi kikaamua kuandamana kutoka Olympic hadi Kawangware, kila mama amevaa mshipi kifuani wenye maneno yale, na fundi wa kuishona mishipi hiyo alikuwa nani tena kama si yeye? Nereah alileta kitambaa cha manjano, akakaa kwenye stuli ndani ya kibanda cha Mercyline, akawa anamkatia nyuzi.

"Herufi ziwe kubwa," Nereah alisema. "Huyo mwanamke aliyeificha ile iliyompiga Baba Audrey, nataka azisome akiwa mbali."

Sindano ya cherehani ikamwingia Mercyline kidoleni. Nereah ndiye aliyeinyonya damu kwa kitambaa, akampuliza kidole kama mtoto.

Kesho yake hakufungua kibanda. Alitembea kwa miguu hadi Kawangware, akavuka Ngong Road, akafuata Naivasha Road bila kuona waliomsalimia. Alimkuta Khamala sokoni amekaa juu ya magunia ya viazi, anakula chapati na maharagwe ya madondo.

"Sasa, dada. Kwema?"

"Ile wikendi ulipokichukua kile kitu, kilikwenda wapi?"

Khamala aliacha kutafuna. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia, kisha akashuka kwenye magunia na kumvuta dada yake pembeni, nyuma ya ukuta wa choo.

"Sikuwa mimi. Naapa kwa kaburi la mama, sikuwa mimi. Kuna wasee waliniomba. Niliwaazima tu. Walisema ni ya kutisha, hawatapiga."

"Nao wakakupa kitu."

Khamala alichokonoa ukuta kwa ukucha.

"Ulijua ni Omolo?"

"Nilijua baadaye, ulipoanza kuchangisha. Hata mimi nilituma changu, dada. Jina langu ulilisoma mwenyewe."

Ni kweli, alikuwa amelisoma. Alikuwa amelisoma mbele ya Nereah, tena kwa majivuno: tazama, hata ndugu yangu wa Kawangware amekumbuka.

Alitaka kumpiga kofi. Badala yake aliegemea ukuta ule, na harufu ya choo ikampanda kichwani.

"Unaniangalia hivyo kama mimi ndiye niliyezileta bunduki Nairobi," Khamala akasema. "Enda Lavington uone. Kila geti lina mtu na bunduki yake. Hao wana kibali. Sisi tuna nini?"

"Omolo hakupigwa na mtu wa Lavington. Alipigwa na kitu nilichokifunga mimi kwa mikono yangu." Akajifuta uso kwa ncha ya leso. "Naipeleka kwa pasta."

Alitarajia atapinga. Lakini Khamala alishusha pumzi ndefu.

"Ipeleke. Si wamesema hawaulizi? Ipeleke, iishe. Hakuna atakayejua."

Kilichomtisha Mercyline njiani kurudi ni kwamba pumzi ile ile ilimtoka na yeye pia.

Aliipeleka mchana kweupe, ndani ya kikapu, juu yake ameweka sare zilizokunjwa vizuri. Pasta aliipokea ofisini, akaifunika kwa taulo, na kama ilivyoahidiwa, hakuuliza neno. Ila furaha ilimshinda. Jumapili iliyofuata akasimama madhabahuni.

"Wapendwa, tumeona tunda la kwanza. Mama fulani katika mtaa huu aliguswa na maneno ya dada yetu Mercyline. Akamwamini, akamkabidhi silaha, na dada yetu bila woga akaileta hapa. Huo ndio ujasiri."

Hivyo ndivyo pasta alivyodhani, na hakuwa na sababu ya kudhani vingine. Kanisa likalipuka kwa vigelegele. Mercyline alikuwa safu ya mbele. Kuinua mkono na kusema "Pasta, sivyo" kungechukua muda mfupi kuliko kufungua chupa ya soda. Hakuinua. Aliinamisha kichwa, na watu wakaona ni unyenyekevu.

Nje, Nereah alimngoja mlangoni.

"Huyo mama sitaki kumjua," alisema. "Lakini mwambie hivi. Hata kama ndiyo iliyompiga mume wangu, Mungu ambariki. Kuirudisha si kazi ndogo."

"Nitamwambia," Mercyline akasema.

Alifika kwake, akavua nguo za kanisani, akakaa kitandani. Alikuwa amedhani bastola ikiondoka chini ya kitanda kile atalala. Sasa aliona kwamba bastola ilikuwa sehemu ndogo tu ya kilichokuwa mle ndani. Alikuwa amepokea baraka za mtu ambaye yeye mwenyewe alimvunjia mume, tena kwa uongo, mlangoni pa kanisa. Akavaa viatu vyake vya kila siku, akateremka Silanga.

Nereah na Omolo walikuwa nje ya nyumba yao, kwenye kivuli cha mabati, karibu na mashamba madogo ya sukuma wiki yanayoteremka hadi dam. Omolo alikuwa akifunga mboga za managu mafungu mafungu kwa kamba za migomba. Mikono ile iliyokuwa ikinyanyua mawe sasa ilihangaika na majani, na fungu moja lilimfumuka akalifunga upya.

"Mama yetu! Karibu," Omolo akasema. "Nereah, leta kiti."

"Sitakaa, Baba Audrey."

Akawaambia amesimama. Aliwaambia juu ya mfuko, juu ya Ijumaa na Jumatatu, juu ya kitambaa cha sweta, juu ya maneno ya Khamala nyuma ya choo. Aliwaambia kwamba mama aliyesifiwa na pasta hayuko. Ni yeye. Alisema yote akitazama managu yale chini, kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kuweka macho.

Alipomaliza, mtu aliyepita na mkokoteni wa mkaa aliwasalimia. Omolo akamwinulia mkono bila kumtazama.

"Ulipokuja hospitali na uji," Nereah akasema polepole, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nahisi."

"Sikukuuliza ulihisi nini."

"Nilikuwa najua."

Nereah aliinuka, akaingia ndani. Akatoka na chupa ya chai ambayo Mercyline alikuwa amewaachia tangu siku za hospitali, akaiweka chini miguuni pake, akarudi ndani na kufunga mlango. Hakupiga kelele. Mercyline angeshukuru kama angepiga kelele.

Omolo alibaki pale, kamba ya mgomba imemzunguka vidole.

"Nani alinipiga?"

"Simjui. Ndugu yangu anamjua."

"Serikali imesema haiulizi," Omolo akasema. "Mimi nauliza. Kurudisha chuma ni sawa. Lakini aliyenipiga bado anatembea, na kesho ataazimwa kingine. Nenda ukaseme, Mama Isaac. Ukisema, sitakuahidi kwamba nitakusamehe. Lakini nenda ukaseme."

Mercyline alimpigia Khamala simu jioni ile ile, akamtaka waende polisi pamoja. Khamala alilia, kisha akatukana, kisha akasema neno ambalo watu wa kwao Bungoma wangelirudia kwa miaka: "Umeniuza, dada." Akazima simu. Kwa siku kadhaa hakupatikana. Mercyline alitafuta wakili mwanamke, anayetetea watu wa mitaani bila malipo, na pasta, ambaye alishindwa kumtazama usoni baada ya kuambiwa ukweli, akakubali hata hivyo kuwasindikiza. Asubuhi waliyopatana, ambayo Mercyline alikuwa amemjulisha Khamala kwa ujumbe wa simu, walisubiri nje ya kituo cha polisi hadi jua likawa kali. Wakili alikuwa ameanza kukusanya karatasi zake waingie bila Khamala, ndipo akatokea ng'ambo ya barabara, ameoga, amevaa shati ambalo dada yake alimshonea Krismasi. Hakumsalimia. Alimwambia wakili tu, "Twende kabla sijabadilisha nia."

Kwa kuwa aliingia na wakili na pasta, watu wakiona, alisajiliwa akiwa hai. Alitaja majina. Mmoja wa waliotajwa alikuwa ameshauawa. Mwingine alikamatwa Kawangware, na huyo ndiye aliyefyatua risasi. Kesi ilianza, ikaahirishwa, ikaendelea kuahirishwa, na Khamala akabaki rumande. Mercyline naye aliandikisha taarifa. Wakili alimweleza kwamba msamaha unamkinga, kwa kuwa aliirudisha ndani ya muda. Aliisikia habari hiyo njema kama tusi. Sheria ilikuwa imemwachilia mahali ambapo yeye mwenyewe hakuona kama anastahili.

Katika mkutano uliofuata aliomba nafasi. Alisimama pale pale aliposimama mwanzo, akasema yote, safari hii mbele ya kila mtu. Hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja mzee alikusanya mkoba wake akatoka akiburuta viatu, ili asikike.

"Ndio maana nasema tupewe zetu," Shiru akasema. "Ukiona mwenyekiti wa amani ndiye stoo ya bunduki, utamwamini nani?"

"Lakini amesema, na nduguye yuko hai," Jeremy akajibu, ingawa bila nguvu. "Hiyo mimi sijawahi iona."

Wakabishana tena, hadi naibu wa chifu akafunga mkutano. Maandamano yalifanyika bila Mercyline. Aliyasikiliza yakipita akiwa amefunga mlango wa kibanda. Wateja wengi walihamisha sare zao kwa mafundi wengine, na waliobaki walizungumza naye kwa upole unaouma kuliko matusi. Alikwenda rumande kumwona Khamala kila aliporuhusiwa. Mara ya kwanza Khamala alikataa kutoka. Mara ya pili alitoka, akamuuliza kama nyumba yake ya Kawangware bado inavuja.

Mvua za masika zilikuwa zimeanza alipokuja Kageha. Alikuwa muuza mkaa wa Kambi Muru, mwanamke ambaye Mercyline alimjua kwa sura tu. Aliingia kibandani bila kitambaa cha kushonwa, akakaa kwenye stuli, akasifia mvua.

"Ni mume wangu," akasema hatimaye. "Ameiweka ndani ya gunia la mkaa. Anadhani sijui."

Mercyline aliondoa mguu kwenye pedeli.

"Msamaha umeongezwa muda," akasema. "Lakini usiende peke yako. Kuna wakili, nitakupa namba yake."

"Watu watanionaje?"

"Sitakudanganya. Wakijua, watakuangalia vibaya. Kuna watu utakaowapoteza."

"Na aibu? Huisha?"

Mercyline angeweza kumwambia neno tamu. Maneno matamu hayakumshinda.

"Yangu bado," akasema. "Ngoja nichukue mwavuli."

Walipanda pamoja kuelekea kwa pasta, wakiruka madimbwi. Karibu na Olympic, Nereah alikuwa amepanga mboga zake kando ya njia, anazinyunyizia maji ingawa mvua ilikuwa imekwisha kuziloesha.

"Habari ya leo, Mama Audrey," Mercyline akasema, kama alivyosema kila alipopita.

Nereah aliendelea kunyunyiza. Hakuinua kichwa.

Walipokuwa wamepita, Kageha akauliza kwa sauti ya chini, "Ndiye huyo?"

"Ndiye," Mercyline akasema, na wakaendelea kupanda.